Kakuma si Neno la Kiswahili: Wajibu Wetu kwa Kijiji Kimoja cha Turkana

Katika maandishi mengi ya Kiingereza kuhusu kambi ya wakimbizi ya Kakuma hurudiwa dai moja: kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "hapana mahali". Dai hilo limenakiliwa mno hata likachukuliwa kuwa kweli. Ajabu ni kwamba sisi tunaojifunza na kufundisha lugha inayosingiziwa tumelinyamazia. Makala haya yanashikilia kuwa kimya chetu kina gharama, na wanaoilipa ni wenyeji wa Kakuma.

Tuanze na sarufi. Kiswahili huonyesha ukosefu wa mahali kwa viambishi vya ukanushi na vya mahali: hakuna, hapana, hamna. Hakina nomino "kakuma" yenye maana hiyo. Aidha, yeyote aliyetazama ramani ya Turkana atalikuta jina hili katikati ya ndugu zake: Kalobeyei, Kalokol, Kaikor, Kanamkemer. Ni jina la wenyeji, wala halikutoka pwani.

Huenda msomaji akasema kuwa kosa la tafsiri ni jambo dogo. La hasha! Kijiji kikishaitwa "hapana mahali", nani atauliza kilikuwa na nani kabla ya wageni kufika? Kakuma iko kando ya Tarach, mto wa msimu, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar. Bonde la mto huo ndilo linalotajwa katika simulizi ya chimbuko la Waturkana. Yasemekana vijana wa Kijie, kutoka nchi ambayo leo ni Uganda, walifuata nyayo za fahali aliyepotea hadi bondeni humo, wakamkuta Nayeche, mwanamke mzee aliyekuwa akichuma matunda ya porini. Walipoona nchi ile ni njema, wakahamia. Basi bonde ambalo jamii nzima hulihesabu kuwa mwanzo wake, ndilo tunaloambiwa si mahali popote!

Fikra hiyo ya utupu haikutokana na ardhi yenyewe. Ilitengenezwa na utawala. Wakoloni waliwashambulia Waturkana katika kampeni ya Labur mwaka 1918, kisha wakaifanya nchi yao kuwa wilaya iliyofungwa, isiyoingiwa bila kibali. Ikawa pahali pa kuwaficha watu. Baada ya kesi ya Kapenguria mwaka 1953, Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung. Na kifungo chake kilipokwisha mwaka 1959, Kenyatta alizuiliwa Lodwar hadi 1961. Uhuru ulikuja, lakini umbali ukabaki: hadi leo wapo wakazi wa Turkana wanaosafiri kuelekea kusini na kusema kuwa wanakwenda "Kenya".

Kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina takriban watu 300,000. Ni haki kabisa masaibu yao yaandikwe. Tatizo ni kuwa masimulizi mengi huanza mwaka huo, kana kwamba mwenyeji naye alishushwa na lori. Mnamo Machi 2025 serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia wakimbizi na wenyeji waishi pamoja na kutumia huduma zilezile. Lakini ujirani hujengwaje iwapo historia ya jirani mmoja imefutwa kwa neno moja la uongo?

Pana pingamizi la haki: Kiswahili chenyewe ni mgeni Turkana, kilichofika na askari, karani na mwenye duka. Kwa nini basi kijifanye msemaji wa Waturkana? Sisemi kichukue nafasi ya Kiturkana. Simulizi zirekodiwe kwanza kwa Kiturkana, kutoka kwa wazee wenyewe, majina ya wasimulizi yakihifadhiwa kwa idhini yao, kisha zifasiriwe. Hata hivyo, katika shule za kambini na za kijijini, mtoto wa Kiturkana, wa Kikongo na wa Kisudani Kusini hujifunza Kiswahili. Lugha iliyotumiwa kumnyima mwenyeji historia yaweza kuwa lugha ya kumsomea jirani historia hiyo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mmoja wetu akutanapo na dai hili katika kitabu au makala, amwandikie mhariri na kulisahihisha. Pili, idara zetu ziwahimize wanafunzi wa fasihi simulizi kuandika tasnifu kuhusu bonde la Tarach, badala ya sote kurundikana katika tenzi zilezile za pwani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu una jina la lugha yetu, nasi ndio wenye kuuziba.