Lori Linapimwa Kyamyorwa, Usingizi wa Dereva Haupimwi

Makamanda, leo naomba tuache kidogo habari za majukwaa tuongee habari ya usingizi. Ndiyo, usingizi. Wa madereva wa malori wanaotoka Dar, wakifika Lusahunga wenzao wa Rwanda wanashika njia ya Rusumo, wao wanaingia Biharamulo, Muleba, Bukoba mpaka Mutukula. Safari ya zaidi ya kilomita 1,300 kabla hata hujauona mpaka wa Uganda.

Lori likianguka, kauli tunayozoea kuisikia ni uzembe wa dereva. Basi, faili limefungwa. Hakuna anayeuliza huyo dereva alilala lini mara ya mwisho, nani alimpigia simu usiku ule, na analipwaje.

Mjomba wangu ni dereva wa semi, kwao Muleba, yuko barabarani zaidi ya miaka 15. Sikukuu iliyopita nilimuuliza anaendeleaje, akanijibu, "Wakili, mimi nimeisha." (Ananiita wakili tangu nipate chuo, hata ada sijamaliza.) Akaniambia akirudi nyumbani siku mbili hataki kuongea na mtu, watoto wakicheka anasikia kelele tu. Kazi aliyokuwa anaipenda sasa anaiona kama adhabu. Na kitu kinachomtisha zaidi: anapita sehemu, halafu hakumbuki kama amepita. Anashtukia yuko Muhutwe, Muleba hajui ameiacha saa ngapi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii kwenye orodha yake ya magonjwa na matatizo ya afya. Halikuiita ugonjwa, liliiita hali inayotokana na kazi: msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Dalili zake tatu ni kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi yako, na kuona huwezi tena kuifanya vizuri. Mjomba hajawahi kusoma hayo, ila alizitaja zote tatu huku anamenya ndizi.

Anajisaidiaje? Amwani. Ile kahawa yetu ya kutafuna, ambayo Uhayani mgeni anakaribishwa nayo, yeye anatembea na mfuko mzima kwenye kabini na kuitafuna kama dawa. Bibi akijua heshima ya mgeni imegeuzwa kuwa dawa ya kufukuza usingizi atasikitika sana. Wenzake wengine wameshahamia kwenye mirungi, ambayo ni kosa la jinai, halafu wakifika wanakunywa bia ili walale. Kimoja cha kuamsha, kingine cha kulaza. Mwili gani unavumilia hivyo miaka 15?

Sasa wapo watakaosema, si apumzike tu? Jamani, apumzike na nini? Madereva wengi pesa yao ya kueleweka ni mileji, posho ya tripu. Tripu nyingi, hela nyingi. Lori likisimama na mfuko umesimama. Mpangilio huu unamfanya kila dereva anunue usingizi wake mwenyewe kwa chakula cha watoto. Ukimwambia "jitunze kaka, lala saa nane" unamwambia apunguze mapato, na tajiri akiona kwenye jipiesi gari limesimama saa tatu anapiga simu: uko wapi, unafanya nini hapo?

Hapo ndipo ninapotofautiana na semina za usalama barabarani zinazomtaka dereva abadilike. Wabadilishe kwanza namna ya kumlipa. Ulaya walishaona hili. Kanuni yao namba 561 ya mwaka 2006 inamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na inakataza kumlipa kwa umbali au kwa haraka ya kufikisha mzigo pale malipo hayo yanapohatarisha usalama. Waligundua ukilipa kwa kilomita unanunua ajali.

Na sisi hatuko mikono mitupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 19, inasema mwajiri asimruhusu mfanyakazi kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne. Kifungu cha 24 kinampa saa 12 mfululizo za kupumzika kila siku na saa 24 kila wiki. Upo mwanya wa kushusha yale mapumziko ya siku mpaka saa 8 kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti, lakini chini ya hapo hakuna mlango. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza yake ya asilimia 5. Muulize dereva yeyote aliyepaki Kemondo kama amewahi kuiona.

Kuna hoja moja ya wenye magari ambayo naipinga kabisa. Wanasema dereva akiwa kwenye foleni ya mpaka siku mbili hizo ni siku za kupumzika. Hivi mtu anayelala nusu jicho, mkono kwenye funguo, kwa sababu dizeli ikichotwa au turubai likichanwa atakatwa yeye, huyo anapumzika? Huyo ni mlinzi asiyelipwa. Kwa mtazamo wangu muda ambao huruhusiwi kuliacha gari ni muda wa kazi, na ningependa sana siku moja kesi hiyo ifike Mahakama Kuu Bukoba tusikie majaji watasemaje.

Wengi wataniambia "dada, mimi sina hata mkataba". Sawa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema ukifanya kazi chini ya maelekezo ya mtu, au saa zako zinapangwa naye, au anakupa vitendea kazi, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Moja tu kati ya hizo linatosha. Lori ni lake, njia kapanga yeye. Na mgogoro ukifika mbele, mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unabaki kwake. Kwa hiyo kutokuwa na karatasi ni tatizo lake kabla halijawa lako.

Tarehe 10 Aprili 2015, nikiwa bado shule ya msingi, madereva waligoma nchi nzima wakipinga kulazimishwa kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, na Ubungo wakapigwa mabomu ya machozi. Mei wakagoma tena, mikataba ya ajira ikiwa miongoni mwa madai yao. Miaka imepita na mjomba wangu hana nakala ya mkataba.

Serikali ikitaka inaweza. Kwenye mabasi imeweza: LATRA ina mfumo wa kufuatilia mwendo, dereva anatambuliwa na kifaa chake, na safari ndefu inatakiwa kuwa na madereva wawili. Mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri saa 24, tulibishana nchi nzima kama ni salama. Malori je? Yalikuwa yanatembea usiku miaka yote hiyo na hakuna aliyebishana. Abiria ni kura, mzigo haupigi kura. Ila anayegongana na lori saa 9 usiku ni basi lilelile lenye abiria.

Pale Kyamyorwa, Muleba, lori linapandishwa kwenye mizani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya uzito mwaka 2016, lori lisizidi tani 56, na ukizidisha unalipa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya mambo kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Trafiki ana kifaa cha kupima pombe. Palepale kwenye mizani, kwa nini asikaguliwe na saa za dereva? Jipiesi ipo tayari kwenye gari, inatumika kumfokea dereva akisimama. Itumike pia kuhesabu kama amelala. Tajiri atalalamika kwamba wa Uganda na Rwanda watamzidi ushindani. Basi iwe sheria ya Jumuiya nzima, kama ilivyokuwa kwa tani.

Wakati tunalisukuma hilo, nina ombi kwa dereva unayesoma hapa umepaki. Nunua daftari. Andika tarehe, saa uliyowasha gari, saa uliyozima, ulipolala, na nani alikupigia simu uendelee. Meseji za bosi usifute. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ina ofisi Bukoba, na unaanza kwa kujaza Fomu Namba 1. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kupeleka lalamiko. Madai mengine kama saa za ziada ni siku 60. Wengi wanakuja mwezi wa tano, washachelewa.

Na kwetu vijana wa chama: wanafunzi wa sheria tunaotoka Kagera tupo wa kutosha. Likizo ijayo napendekeza tukae Jumamosi moja Muleba, moja Kyamyorwa, moja Mutukula, na meza, kalamu na hizo fomu. Bila bendera, hata. Nani yuko tayari aniandikie.