Kamera za Bei Nafuu na Hilali: Tuulize Nini Kabla ya Kusambaza Picha?

 

Kila inapofika jioni ya tarehe 29 Shaabani au Ramadhaan, simu zetu hujaa maswali. Mmoja anauliza kama mwezi umeandama Tanga, mwingine Mombasa, na hapohapo inaingia picha ya utepe mwembamba wa mwanga yenye neno moja: "Umeonekana". Kwa miaka mingi tumebishana juu ya mwezi wa wapi tuufuate. Sasa limeongezeka swali jingine: picha ya kamera inathibitisha nini?

Swali hili lisidharauliwe, kwa sababu kupiga picha za anga si kazi ya vituo vikubwa peke yake tena. Kijana mwenye kamera ya dijitali ya mtumba, lenzi ndefu na stendi ya miguu mitatu anaweza kuanza leo. Programu za Stellarium na Siril ni huria na hazilipiwi. Ya kwanza humwonyesha mwezi utakuwa upande gani wa anga na kwa kimo gani. Ya pili hupokea picha nyingi za kitu kimoja, ikazilinganisha na kuzipandanisha hadi ziwe picha moja.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya ufundi huu. Picha moja ya kitu hafifu hujaa chenga. Chenga hubadilika kila picha, ilhali mwezi ni uleule. Ukipandanisha picha 100 na kuchukua wastani wake, chenga hupungua mara 10, na kilichofichika hujitokeza. Huo si uongo, kwani mwanga ule ulikuwepo. Lakini jicho la mwanadamu halina uwezo wa kuhifadhi na kujumlisha namna hiyo.

Tuchukue mfano ulio wazi. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 8 Julai 2013, mpiga picha Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi mchana kweupe, karibu na Paris, katika dakika ileile ya kuzaliwa kwake, ukiwa digrii 4.4 tu kutoka kwenye jua. Tangu miaka ya 1930 mwanafalaki André Danjon alikuwa ameeleza kwamba mwezi ukiwa chini ya takriban digrii 7 kutoka kwenye jua, hilali haionekani kwa macho. Picha ya Legault ilikuwa ya kweli, na mwezi wenyewe ndio wa Ramadhaan ya mwaka 1434 Hijria. Hata hivyo Saudi Arabia ilianza kufunga Jumatano, tarehe 10 Julai. Kama picha peke yake ingetosha, watu wangefunga kwa mwezi ambao hakuna jicho lililouona.

Wanachuoni hawakuvikataa vyombo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliamua kwamba tegemeo ni kuonekana kwa mwezi, na kwamba hesabu za falaki na vituo vya uangalizi hutumiwa kusaidia. Ikhtilafu imebaki juu ya mipaka ya msaada huo, na hatukusudii kuimaliza hapa. Tunachosema ni kwamba "kamera imenasa" na "nimeona" ni kauli mbili tofauti, na anayepokea habari ana haki ya kujua ameletewa ipi.

Kwa hiyo picha ikifika, tuulize haya:

1. Imepigwa kabla ya jua kuzama au baada yake, wapi, na saa ngapi? Saa ya kamera iliyowekwa vibaya huharibu kila kitu.
2. Ni picha moja, au ni mamia yaliyopandanishwa?
3. Faili ghafi lipo? Baadhi ya simu za kisasa huutambua mwezi na kuuongezea sura ambayo lenzi haikuipata.
4. Kuna mtu aliyeuona kwa jicho lake mahali palepale?

Vijana wetu wenye kamera hizi wasivunjwe moyo. Kamati za misikiti ziwaite wafuatane na waangalizi: wawaonyeshe upande wa kutazama, na wasaidie kubaini kama kilichoonekana ni mwezi au ni wingu. Nao wajihadhari wasielekeze lenzi wala darubini kwenye jua bila kichujio maalumu, kwani jicho huweza kupofuka papo hapo.

Na picha ipelekwe kwanza kwa Kadhi, Mufti au kamati husika, pamoja na majibu ya maswali hayo, kabla ya kutupwa kwenye makundi ya simu. Saumu ya watu wengi na Idi yao zinaning'inia kwenye neno moja, "umeonekana". Asiyeona asiliseme.

Wa Allaahu A'lam.