Mashauri ya Safari: Redio ya Kusemezana Katika Lori



Katika nyumba nyingi za Sumbawanga yupo baba au kaka ambaye kazi yake ni lori. Hupakia mahindi na maharage ya Ufipa, au huteremka Muze kufuata mpunga na samaki wa Ziwa Rukwa. Wenye malori mawili au matatu hufikiri kuyatia redio ya kusemezana, ile iitwayo CB. Ni shauri jema, lakini lataka akili. Maana siku breki zitakaposhika moto mteremkoni, redio isiyosikika ni sawa na bubu.

Kwanza, ijulikane asili yake. Mwaka 1958 serikali ya Marekani iliwafungulia raia masafa haya, na tangu 1977 yana njia 40 huko. Mawimbi yake yana urefu wa meta 11 hivi, na nguvu yake ya kawaida ni wati 4 tu. Kwa hiyo malori husikizana kwa kilometa chache. Hapa kwetu masafa ya redio yasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003. Ukaulize habari ya kibali kabla ya kutoa fedha, si baadaye.

Pili, umeme. Malori makubwa yana volti 24, na redio nyingi za namna hii zataka 12. Ukiiunga hivi hivi itaungua. Wala usichukue umeme katika betri moja ya zile mbili: hiyo itachoka, mwenzake itajazwa kupita kiasi, na mwisho zote zitakufa. Nunua chombo cha kupunguza volti, utumie waya mnene, na fyuzi iwe karibu na betri.

Tatu, antena, ambayo ndiyo roho ya kazi. Wengi hutoa fedha nyingi kwa redio yenye taa za kupendeza, kisha hununua antena duni. Afadhali redio ya kadiri na antena njema. Antena kamili ya robo ya wimbi yapata meta 2.7, zilizofupishwa hufaa, lakini kadiri zinavyofupishwa hupoteza nguvu. Ifungwe juu, penye chuma kilichokwanguliwa rangi, si penye plastiki wala turubai. Kisha fundi apime mawimbi yanayorudi: hesabu isizidi 2, na chini ya 1.5 ni njema. Usiseme redioni kabla antena haijaungwa, usije ukaiharibu.

Mwisho, kumbuka nchi yetu ilivyo. Sumbawanga yapata meta 1,800 juu ya bahari, na Ziwa Rukwa meta 800 tu. Katikati imesimama milima ya Mbizi. Mawimbi haya hayatoboi mlima. Aliye bondeni hatasikiwa mjini, hata redio yake iwe ya thamani gani. Basi malori yaende mawili mawili. La nyuma lingoje ukingoni, likisikiliza, mpaka la mbele lijibu kwamba limefika chini salama. Utingo ndiye aseme. Dereva ashike usukani. Jibu lisipokuja, msaada uondoke mara moja, wala mtu asingoje jioni.

Redio haishiki breki. Kazi yake ni kumfanya mwenzako ajue mapema kwamba unamhitaji.