Simu zetu na Kifungu cha 16

Makamanda, kila tukichambua muswada mtandaoni tunaambiwa hizo ni "siasa za kwenye simu". Sawa. Kama za kwenye simu ni bure, Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinatafuta nini humo? Kinagusa hadi taarifa isiyo sahihi. Watakwambia lazima ithibitike ulijua, tena ulikusudia kupotosha. Kweli, ila hayo yanathibitishwa mahakamani, wewe umeshalala lupango na simu wanayo wao. Ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi hii ni ya kidemokrasia na ya kijamaa. Ujamaa gani unaomwogopa mkulima anayeuliza muswada wa ardhi unasemaje? Mkichambua, wekeni namba ya kifungu na picha ya ukurasa. Wabishane na maandishi yao wenyewe.