Mpanda Ngazi Hushuka

Methali hii aghalabu hutolewa kwa kumsimanga aliyeanguka. Leo tumtazame kiongozi aliyeshuka kwa hiari yake.

Felipe González alizaliwa Sevilla, kusini mwa Hispania, mwaka 1942, mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alisomea sheria, akawatetea wafanyakazi mahakamani wakati chama chake cha Kisoshalisti kilipokuwa kimepigwa marufuku na Jenerali Franco. Mwaka 1974, katika mkutano uliofanyika Ufaransa, alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu, naye ana umri wa miaka 32.

Mei 1979 aliwaomba wajumbe waufute Umaksi katika itikadi ya chama. Wakakataa. Ingawa wengi walitaka abaki, yeye hakugombea tena, asije akaongoza kwa jambo asiloliamini. Miezi minne baadaye mkutano maalumu ulimrudisha, na Oktoba 1982 chama kikapata viti 202 kati ya 350 vya Bunge la wawakilishi.

Aliongoza serikali hadi 1996. Hispania iliingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986. Lakini ukosefu wa kazi na kashfa za wakubwa vilipunguza imani ya wananchi. Kura zilipomwangusha, alikabidhi madaraka kwa amani.

Iwe nyumbani, kazini au chamani, kiti ni cha kuazima. Alijuaye hilo hushuka bila ya kuvunjika, na pengine huitwa tena.