Wakili Bandia Mwenye Ploti

Karatasi inapenyezwa chini ya mlango usiku. Juu ina picha ya mizani, chini muhuri mwekundu uliochongwa River Road, Nairobi, katikati vitisho: hama ndani ya saa 24, na ulipe Sh5,000 za wakili. Wakili mwenyewe ni nani? Ni yule yule mwenye ploti! Na mpangaji, kwa hofu, anakopa ili alipe.

Huo ni uhalifu. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya kinamtia hatiani yeyote asiye na sifa anayejifanya wakili kwa makusudi. Mwenye nyumba ana haki ya kudai kodi yake kwa barua yenye jina lake. Hana haki ya kujivika joho ili amtishe mama aliyechelewesha kodi wiki mbili.

Mpangaji, usiichane karatasi hiyo. Ndiyo ushahidi wako. Tafuta jina la huyo anayejiita wakili kwenye orodha ya mawakili ya Chama cha Mawakili cha Kenya (LSK) mtandaoni. Hayumo? Mshtaki kwa polisi na kwa LSK. Na akiwemo asitambe, kwani Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili iko kwa ajili ya watu kama yeye.

Tena hata wakili halisi hakufukuzi kwa barua. Ukikataa kutoka, aende mahakamani. Mali yako haishikwi na vijana wa mtaani bali na dalali mwenye leseni. Mwenye duka lililo chini ya sheria ya upangaji wa biashara lazima apewe notisi ya angalau miezi miwili, na ana jopo lake la kupinga. Mwenye nyumba amekunyima deposti? Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi Sh1 milioni, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe.

Linaloniuma zaidi ni Bunge. Jopo la kodi za nyumba za kuishi linamlinda tu mpangaji ambaye kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Anayelipa Sh8,000 mitaa ya Pipeline au Kayole, Nairobi, ameachwa nje, na matapeli wanalijua hilo vizuri kuliko wabunge wetu.

Ukifika kituo cha polisi utaambiwa ni mambo ya deni, mkaelewane nyumbani. Kataa. Hukuja kushtaki deni, umekuja kumshtaki mtu anayejiita wakili. Usiondoke kaunta bila nambari ya kitabu cha matukio (OB).