Karata Chache Mkononi

Aliyecheza matatu chini ya mwembe huko Busia au Tororo anajua kuwa mshindi ni yule anayemaliza karata mkononi. Hekima hiyo inamfaa pia askari ambaye, baada ya lindo, hucheza Slay the Spire katika simu, na kila usiku huanguka akikaribia kilele.

Katika mchezo huo shujaa aitwaye Ironclad huanza safari na karata 10, na kila zamu huchukua 5. Hivyo karata yake bora humrudia kila zamu ya pili. Akipokea kila anachopewa hata zikafika 40, huenda akaingoja zamu 8, na adui hamngoji. Akifa, hupoteza zote na kuanza upya. Ushindi wa kwanza hufungua ngazi 20 za ugumu, moja baada ya nyingine; hapo mzigo wa karata dhaifu ndio huua.

Basi ni heri kukataa karata isiyohitajika, na kumlipa mchuuzi dhahabu ili aondoe iliyo dhaifu. Naye aliyeshindwa mara mbili usiku mmoja azime simu, awape jamaa zake nafasi ya kulala. Ngazi itamngoja, lindo la alfajiri mpakani halimngoji mtu.